Masika Tuliyocheza Matenga

Mfuniko wa kopo la rangi ukirushwa wakati wa jua hulia kwa sauti nyembamba, kama mbu anayepita karibu na sikio. Ukirushwa kwenye mvua, mlio wake ni mwingine kabisa. Hutoa sauti nzito ya kukata, vuuu, na matone yanayoupiga mgongoni huongeza mlio wa pili juu ya ule wa kwanza, mfano wa mahindi yanayokaangwa kwenye sufuria iliyofunikwa. Nimesikia milio mingi maishani, ya kengele za shule, ya adhana, ya vilio vya misibani, lakini huo wa mfuniko kwenye mvua ndio unaoweza kuniamsha usingizini na moyo ukinidunda. Masika yakianza, nikiwa nimelala mchana kidogo kama wafanyavyo wastaafu, hunitokea. Huketi kitandani nikaitazama mikono yangu. Ni mikono ya mwalimu mzee, yenye mishipa iliyotuna, isiyo na kosa lolote unaloweza kuliona kwa macho.

Tulikaa Mbagala, wakati ambapo mtu akikuuliza unakaa wapi na ukajibu Mbagala, alikuonea huruma kama aliyesikia unakaa porini. Na kweli lilikuwa pori la mikorosho na minazi, na vijumba vya udongo vikiwa vimetawanyika kama mbuzi waliopotezana. Baba yangu alitoka Newala akiwa kijana, akapata kazi ya kuli bandarini. Kila alfajiri alipanda baiskeli yake na kushika barabara ya Kilwa, akavuka daraja la mto Kizinga, mpaka Kurasini. Jioni alirudi ananuka magunia, mafuta ya mashine na chumvi. Ilikuwa miaka michache baada ya Azimio la Arusha, na watu walikuwa wakiitana ndugu hata pale walipokuwa wakigombana. Sisi watoto tulikuwa wawili tu: kaka yangu Bakari, aliyekuwa na miaka kumi na minne, na mimi Somoe, niliyekuwa na kumi. Bakari alikuwa darasa la saba. Hesabu alizifanya kichwani kabla mwalimu hajamaliza kuziandika ubaoni. Nafasi za sekondari siku hizo zilikuwa chache kama meno ya kuku, lakini hakuna aliyekuwa na shaka kuhusu Bakari. Mwalimu wake, Mwalimu Elieza, alikwishamwambia baba kwa kinywa chake mwenyewe, “Ndugu, huyu tumtayarishie sanduku la bweni.”

Mwalimu Elieza alikuwa pia jirani yetu. Alitoka Upareni, yeye na mkewe, na mtoto wao mmoja, Tabitha. Tabitha na mimi tulizaliwa mwaka mmoja, tukakaa dawati moja, tukagawana kalamu moja ya risasi kwa kuikata katikati. Walikuwa Wakristo na sisi Waislamu, na tofauti hiyo kwetu ilikuwa na maana moja tu, kwamba kila mwaka tulikula sikukuu mara mbili zaidi ya watoto wengine. Mama yake alinipikia uji wa kwao na mama yangu alimsuka nywele. Mwenye kutaka kujua alipo Tabitha alimtafuta Somoe kwanza.

Hadi leo sijui Bakari aliutoa wapi mchezo ule. Baba alikuwa akipewa bandarini makopo makubwa matupu ya rangi ya meli, ambayo mama aliyatumia kuchotea maji. Mifuniko yake haikuwa na kazi. Ilikuwa mipana kama sahani ya wali, na Bakari aligundua kwamba ukiipondaponda kingo kwa jiwe mpaka zikalala, kisha ukaurusha mfuniko ukiwa umelala, kwa kuukunjua mkono kutoka kifuani, hauanguki kama jiwe. Unaelea. Unaweza kupita kati ya minazi miwili, ukapinda taratibu, ukatua mbali pale ulipokusudia. Tukaokota matenga mabovu yaliyokuwa yakibebewa muhogo, tukayatundika kwenye shamba kubwa la mikorosho nyuma ya nyumba zetu: moja kwenye tawi, jingine kwenye nguzo ya ua ulioanguka, jingine nyuma ya kichuguu ambako lazima uuzungushe mfuniko ndipo uingie. Yalikuwa matenga saba. Unarusha, unaufuata mfuniko ulipoangukia, unarusha tena kutoka pale pale, mpaka uingie tengani, kisha unaelekea tenga linalofuata. Aliyemaliza saba kwa mirusho michache ndiye mshindi. Tuliuita mchezo wa matenga, basi.

Na tuliucheza mvuani. Si kwa kupenda baridi. Shamba lile lilikuwa la mgeni mmoja aliyekwisha kuondoka nchini, likachukuliwa na serikali, na mlinzi wake, Mzee Makota, akaachwa pale pale. Mzee Makota alikuwa mrefu, mkali, na mguu wake mmoja haukukunjika sawasawa. Alikwishaapa mbele ya mama zetu kwamba mtoto atakayemkuta kwenye mikorosho ya serikali atamkata miguu. Wakati wa jua alizunguka shambani tangu asubuhi, na sisi wenyewe tulikuwa tunatakiwa kwenye shamba la muhogo la nyumba kumi, kila mtu na jembe lake. Mvua kubwa iliponyesha, kazi ya wote ilisimama na Mzee Makota alijifungia kibandani kwake akaota moto. Hapo ndipo shamba lilipokuwa letu. Tabitha aliaga kwao kwamba anakuja kwetu kusoma, mimi niliaga kwetu kwamba naenda kwao kusoma, na Bakari alisema anatusimamia.

Masika ya mwaka ule hayakuwa na staha. Yalianza kwa ngurumo na yakaendelea wiki baada ya wiki, mpaka ukuta wa jiko letu ukameguka na vyura wakaingia sebuleni. Paa la shule liliezuka upande mmoja, tukaambiwa tukae nyumbani mpaka fundi apatikane. Kila alasiri tulikuwa shambani, nguo zimetuganda mwilini, vidole vimejikunja kwa baridi. Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Kisha Tabitha akaanza kunishinda. Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wangu, akarusha kwa madaha, mfuniko ukamtii. Alinishinda Jumatatu, akanishinda Jumanne, na hakuwa na majivuno, jambo ambalo liliniuma zaidi. Mtoto wa miaka kumi anaweza kumpenda mwenzake kama nafsi yake na bado akatamani, kwa saa moja tu, kumwona ameshindwa.

Siku yenyewe mvua ilikuwa kali kiasi cha kutuficha minazi iliyokuwa mbele yetu. Bakari alikataa. “Leo tusicheze,” alisema. “Mifuniko inateleza kama kambare.” Nilimwambia anaogopa. Nilimwambia kwamba anamwonea huruma Tabitha kwa sababu leo ni zamu yangu kushinda. Nilimsumbua mpaka akacheka na kusema haya, lakini mmoja mmoja, na hakuna kurusha kabla sijasema. Tukaenda sawasawa, tenga la kwanza, la pili, mpaka la sita, na kwa mara ya kwanza wiki ile nilikuwa sawa na Tabitha. Tenga la saba lilikuwa limefungwa kwenye mfenesi, mbali kidogo, na kwa sababu ya mvua halikuonekana vizuri. Tabitha alitangulia kurusha, akamaliza kwa mirusho mitatu. Akabaki kule kule mfenesini ili atuambie mfuniko wangu umeingia au haukuingia. Mimi nilirusha wa kwanza, ukafika katikati. Nikaufuata. Nilijua kwamba nikiingiza wa pili nimemshinda.

Bakari alikuwa nyuma yangu. Nilimsikia akisema, “Ngoja apishe, Somoe. Ngoja kwanza.” Nilimsikia vizuri kabisa. Wapo watu waliowahi kuniambia kwamba ile ilikuwa ajali, na mimi huwajibu ndiyo, lakini moyoni ninajua kwamba nilisikia na nikarusha. Mfuniko uliniponyoka kidoleni kabla ya wakati wake. Haukwenda juu ulikotakiwa kwenda. Ulikwenda chini kidogo, kushoto kidogo, ukiwa na ule mlio wake wa kukata mvua, na Bakari alikuwa amezipondaponda zile kingo mpaka zikawa kali.

Tabitha hakupiga kelele. Aliketi chini taratibu, kama mtu aliyechoka kusimama, akajifunika uso kwa mikono yote miwili. Tulipomfikia, maji yaliyokuwa yakipita kati ya vidole vyake yalikuwa mekundu, na mvua iliyasafisha, na yakaja mengine mekundu. Bakari alimwondoa mkono mmoja, akatazama, akaurudisha haraka. Uso wa kaka yangu ulikuwa umebadilika rangi. “Kimbia kamwite mwalimu,” aliniambia. “Mie naenda kwa Mzee Makota.” Nikashangaa, hata katika hali ile, kwamba kati ya watu wote amemtaja yule tuliyekuwa tukimkimbia. Lakini kibanda chake ndicho kilichokuwa karibu, na mtu anayezama hachagui kamba ya kushika.

Nilikimbia. Nilianguka mara mbili kwenye matope nikaamka. Mwalimu Elieza alikuwa mezani akisahihisha madaftari, na mkewe alikuwa akichagua mchele. Nikasema, “Tabitha kaumia jicho.” Mama Tabitha akaangusha ungo. “Kaumiaje?” Nikajibu, “Mfuniko.” Hilo lilikuwa kweli. Sikusema mfuniko wa nani wala mkono wa nani, na wao hawakungoja kuuliza. Mwalimu alitoka na kiatu kimoja mguuni. Tulimkuta Mzee Makota njiani, amembeba Tabitha mgongoni, amemfunika kwa gunia lililokuwa likimfunika yeye, akichechemea kwa ule mguu wake mbovu kwa kasi ambayo sikujua anayo. Hakutukaripia. Alisema tu, “Zahanati, mwalimu. Usimshushe, nipokee hivi hivi.” Wakampokezana hivyo njia nzima, yeye na mwalimu, mwendo wa karibu saa moja kwenye maji yaliyofika magotini, na Tabitha akilia sasa kwa sauti ndogo, akiita mama, mama, ilhali mama yake alikuwa pembeni amemshika mguu.

Zahanati ilikuwa na dresa mmoja, bwana mpole aliyezoea kufunga vidonda na kugawa vidonge vya malaria. Alimlaza Tabitha mezani, akaosha, akatazama kwa muda mrefu, akamfunga macho yote mawili kwa bandeji. Kisha akamvuta mwalimu pembeni, lakini chumba kilikuwa kidogo na tulisikia wote. “Jicho hili mie siliwezi, mwalimu. Linataka daktari wa mjini, na linamtaka leo. Kila saa mnayokaa, mnalipoteza.” Mwalimu akauliza gari. Dresa akainua mikono yake mitupu.

Kwa bahati, au ile tuliyoidhani bahati, lori la nazi lilikuwa likipita barabarani kuelekea mjini. Dereva alikuwa kijana mwenye kofia ya sufu. Alipoona mtoto amefungwa macho, alishuka mwenyewe akawafungulia mlango Mama Tabitha na binti yake waketi mbele. Sisi wengine tulipanda juu ya nazi: mwalimu, Mzee Makota, Bakari na mimi. Lori likanasa kwenye matope, tukashuka tukasukuma. Likanasa tena, tukasukuma tena, Mzee Makota akiweka majani ya mnazi chini ya magurudumu na mwalimu akisukuma kwa bega huku anasali kwa Kipare kwa sauti ya juu. Tulipofika kwenye mto Kizinga, hapakuwa na daraja. Yaani lilikuwepo, lakini halikuonekana. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yalikuwa yanapita juu yake, yamebeba magogo, migomba mizima na banda la kuku. Upande wa pili kulikuwa na watu wamesimama kama sisi, na miongoni mwao, nadhani, alikuwa baba yangu na baiskeli yake, akingoja kurudi nyumbani.

Dereva alizima injini. Mwalimu Elieza alishuka akaenda dirishani kwake. Sikuwahi, kabla ya siku ile, kumwona mwalimu akimwomba mtu kitu. “Dereva, ndugu yangu, nakuomba. Nakuomba kwa Mungu. Jaribu.” Kijana yule alikuwa na machozi. “Ndugu mwalimu, nikiingia hapo tunakwenda baharini wote, na huyo mtoto pia.” Mwalimu alimtazama, akatazama maji, akafungua mlango wa upande wa pili, akamtwaa Tabitha mikononi mwa mama yake na kuanza kutembea kuingia mtoni. Maji yalimfika magotini, yakamfika mapajani. Akayumba. Mama Tabitha alipiga ukelele ambao sitausahau. Mzee Makota alimfuata na mguu wake ule, akamkamata mkanda wa suruali kutoka nyuma, na dereva akamkamata Mzee Makota, na Bakari akamkamata dereva, wakamvuta nchi kavu kama watu wanaovuta wavu wa jarife. Mwalimu aliketi barabarani kwenye mvua na mtoto wake mapajani, akawa anampapasa nywele tu.

Hapo ndipo Mama Tabitha alipotugeukia. Nadhani hakuwa na pengine pa kupeleka uchungu wake. “Nani?” akauliza. “Nani kamrushia mwanangu? Semeni. Nani?” Nilifungua kinywa. Naapa kwamba nilikifungua. Maji ya mvua yakaingia, meno yakagongana, na neno halikutoka. Kisha nikasikia sauti ya kaka yangu, imara kama anayejibu swali la hesabu: “Ni mie, mama. Mkono uliteleza. Naomba unisamehe.” Akapigwa kofi. Hakuinua mkono kujikinga. Mimi nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwake, kinywa bado wazi.

Maji yalipungua asubuhi ya pili yake. Walipofika hospitali kubwa ya mjini, daktari alisema wamechelewa. Jicho la kulia la Tabitha lilitolewa.

Wazee husema njia ya mwongo ni fupi, lakini ya kwangu ilikuwa ndefu na ilikuwa na vituo vingi vya kushukia. Baba alipomchapa Bakari kwa mkanda, mimi nilikuwa chumba cha pili. Ningeweza kushuka hapo. Balozi wa nyumba kumi aliitisha kikao uani kwetu, akasema kuna watu wanataka suala lifike polisi, na kwamba zipo shule za adabu za watoto wa namna hiyo. Mwalimu Elieza, ndevu hazijanyolewa, alisimama akasema yeye hataki polisi, yeye hataki chochote, amekwishapoteza na anaomba aachwe. Ningeweza kushuka hapo pia. Niliketi kwenye mkeka karibu na mama, nikichambua ukindu kwa kucha. Nilijiambia kwamba nitasema Tabitha akirudi. Nilijiambia kwamba Bakari ni mwanamume na mwanamume husamehewa upesi. Baba yangu hakungoja hayo yote. Aibu ilikuwa imemwinamisha kiasi kwamba alipanda baiskeli kwa kupitia vichochoroni asikutane na mwalimu. Akaamua Bakari aende kwa babu, Newala, mpaka watu wasahau. “Mtihani je?” mama aliuliza. Baba akajibu, “Atafanyia huko.”

Barabara ya kusini ilikuwa imefungwa na mvua, kwa hiyo Bakari aliondoka kwa meli ya mwambao. Baba alijuana na watu bandarini. Tulimsindikiza, mimi na baba, tukasimama chini ya paa la bati la ghala huku mvua ikituchapa miguu. Bakari alikuwa na fulana yake nzuri na kifurushi cha madaftari kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli. Alimpa baba mkono. Kisha akanigeukia mimi, akasimama. Alinitazama kwa muda ambao baba aliuona mrefu, maana alisema, “Haya, nenda, ngazi inapandishwa.” Nilianza kulia. Baba aliniweka mkono kichwani akidhani namlilia kaka. Meli ilipiga honi, na mimi nikawa nimepita kituo kikubwa kuliko vyote.

Kijijini kwa babu hapakuwa na darasa la saba. Shule yao iliishia la nne. Mwaka uliofuata watu walikuwa wanahamishiwa kijiji kipya, kila nguvu ya kijana ilihitajika kukata miti na kujenga, na babu alikuwa anaanza kuugua. Barua za Bakari zilikuja chache, kisha zikawa za salamu tu. Baba alisema atamrudisha mwakani. Kisha mwakani mwingine. Mimi nilifika darasa la saba, nikafaulu, nikaenda sekondari, nikaenda chuo cha ualimu. Sanduku walilokuwa wamemtayarishia yeye ndilo nililobeba mimi.

Tabitha alirudi shule baada ya miezi miwili, na kitambaa cheupe usoni. Alikaa dawatini pale pale, upande wangu wa kulia, ili niwe upande wa jicho lake zima. Hakuniuliza lolote kuhusu siku ile na sikumwambia lolote. Watoto wakimtania nilipigana nao mpaka nikachanika nguo. Walimu walinisifu kwa upendo wangu. Baada ya miaka miwili Mwalimu Elieza alihamishiwa mkoa mwingine, na tukaagana kwa kulia, tukiwa bado tumebeba jambo ambalo mimi nilidhani mwenzangu hana.

Tulikutana tena tukiwa wanawake wazima, wenye wajukuu, kwenye harusi moja Temeke. Alinijua kwa sauti. Tukakaa nyuma ya turubai, tukala pilau kwenye sinia moja kama zamani, na mimi, baada ya miaka mingi kiasi kile, nikasema. Nilisema kwa sentensi moja, haraka, kama anayetema. Tabitha aliendelea kutafuna. Kisha akaweka tonge chini. “Somoe, mie si nilikuwa nimesimama mfenesini? Nilikuona. Nilikuwa nakutazama wewe.” Nikamuuliza kwa nini basi hakusema. “Mama aliponiambia hospitalini kwamba ni Bakari, nikanyamaza. Nilijua nikisema ni wewe, hawataniruhusu tena nije kwenu. Na nilikuwa sina rafiki mwingine.” Alifuta jicho lake moja kwa ncha ya kitenge. “Tulimla kaka yako wawili, mwenzangu. Usijibebeshe peke yako.”

Mwezi uliofuata nilipanda basi la Newala. Siku hizi ni safari ya siku moja tu, lami mpaka mlangoni. Bakari alikuwa mzee kuliko umri wake, mwembamba, mikono imepasuka kwa utomvu wa korosho, ana wake na watoto na heshima kijijini. Alinichinjia kuku. Nilimwambia nilichokuja kumwambia, kwamba nilikuwa na nafasi nyingi za kusema na sikusema. Aliitazama miti yake. “Pale mtoni nilisema ni mie kwa sababu niliona yule mama atakuua,” alisema. “Nilitaka siku ile ipite tu. Nilidhani kesho yake utasema.” Hakulisema kwa hasira. Ningelipokea vizuri zaidi lingekuja na hasira. Nilisema, “Kaka, nisamehe,” naye akasema chakula kinapoa.

Leo Mbagala haina mkorosho hata mmoja ninaoujua. Ni nyumba imegusa nyumba, ni maduka, ni spika za wauza dawa za panya. Kizinga bado hufurika, lakini daraja ni pana na liko juu, na mtoto akiumia Mbagala anafika kwa daktari kabla mama yake hajamaliza kumwaga machozi. Kila kata ina sekondari. Mjukuu wa Bakari anakaa kwangu, yupo kidato cha pili, na alipochaguliwa darasa lao zima lilichaguliwa naye. Hakuna aliyeona ni ajabu. Watu wa rika langu hupenda kusema kwamba zamani zilikuwa bora, kwamba tulikuwa na undugu. Undugu tulikuwa nao. Mzee Makota alivua gunia lake, dereva aliingia mtoni, mwalimu alikataa polisi, na mvulana wa miaka kumi na minne alitoa maisha yake kwa neno moja. Ila mlango wa kwenda mbele ulikuwa mwembamba kiasi kwamba aliyeukosa mara moja hakuukuta tena, na mimi ndiye niliyesimama mbele ya mlango wa kaka yangu.

Asubuhi ya kuondoka kwangu Newala, Bakari alinisindikiza kituoni akiwa amenibebea begi. Tulikaa kwenye benchi tukingoja basi, tukizungumza habari za bei na za mvua. Basi lilipotokeza kwenye kona akaniuliza, bila kunitazama, “Ule mtihani wa la saba. Ulipoufanya wewe, hesabu zake zilikuwaje?”

Nilijua jibu la uongo ambalo lingempunguzia uchungu. Lilikuwa limekwishafika ulimini. Nikalimeza.

“Zilikuwa nyepesi, kaka,” nikamwambia. “Zilikuwa nyepesi sana.”

Akatikisa kichwa kukubali, akanipandishia begi garini.